Kupiga Picha za Mabenchi na Vibaraza vya Mjini: Mbeya na Iringa

Benchi ni rahisi sana kulipiga picha vibaya. Halisogei, halikatai, halina haraka, kwa hiyo mpigaji husimama wima mbele yake, anabonyeza mara moja na kuondoka. Anachopata ni mbao zilizotazamwa kutoka juu, kwa jicho la mpita njia. Mwongozo huu unashika kanuni moja: kiti cha umma kipigwe kutoka urefu wa mtu aliyekaa, na picha ya kiti iambatane na picha ya kile anachokiona mkaaji. Picha ya benchi isiyoonyesha linatazama wapi ni nusu ya kazi.

Kifaa si shida. Simu ya kawaida inatosha kwa karibu kila kitu kilichomo humu. Mwenye kamera na lenzi ya milimita 35 au 50 ana nafasi zaidi kwenye mwanga hafifu, lakini hatampita mwenye simu aliyepiga goti.

Amua kwanza kipi ni kiti

Mabenchi yaliyotengenezwa rasmi ni machache kuliko mahali watu wanapokaa. Katika bustani na kandokando ya barabara kuu utakuta ya zege lililomwagwa kwenye fomu, ya bomba la chuma na mbao, na ya terazo. Halafu kuna kundi kubwa zaidi: kingo za vitanda vya maua, ngazi za ofisi, vibaraza vya maduka ya zamani Uhindini mjini Mbeya na mitaa ya Miyomboni mjini Iringa, magogo chini ya miti, na ubao mmoja juu ya matofali manne kwenye kijiwe cha bodaboda. Iringa ina nyongeza ambayo hakuna fundi aliyeitengeneza: Jiwe la Gangilonga, ambako watu hupanda jioni, wakakaa juu ya mwamba na kuutazama mji chini yao.

Weka mpaka kabla hujatoka nyumbani. Mpaka mzuri ni huu: kiti chochote ambacho mtu anaweza kukaa bila kununua kitu. Viti vya plastiki vya mama ntilie vinatoka kwenye orodha, benchi la kijiwe linabaki. Unaweza kuchagua mpaka mwingine, mradi uushike hadi mwisho; mfululizo unaochanganya kila kitu haumpi mtazamaji cha kulinganisha.

Usiyadharau mabenchi ya vijiwe. Mengi yametengenezwa kwa mabanzi, yale magamba ya pembeni yanayobaki gogo likichanwa, na ukanda wenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi haukosi mabanzi. Ganda la msindano huonekana bado upande wa chini. Mambo kama hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba benchi ni la huku na si la Dar es Salaam.

Mwanga wa nyanda za juu

Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Tanzania nzima inatumia saa zilezile, zilizopangwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki. Mbeya iko karibu nyuzi 33.5, Iringa karibu nyuzi 35.7, yaani zote ziko magharibi kabisa ya mstari huo. Matokeo yake ni kwamba jua la Mbeya linachelewa. Utosi wake haufiki saa sita kamili. Unafika kati ya saa sita na nusu na saa saba, kutegemea mwezi. Iringa hutangulia kwa karibu dakika tisa. Asubuhi nayo inachelewa: Juni jua la Mbeya linachomoza karibu saa moja, Desemba karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Anayefuata ratiba ya mpiga picha wa pwani atafika bustanini gizani na kusubiri kwenye baridi bure.

Jua likishachomoza, hupanda kwa kasi, karibu nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa hudumu kama dakika 25 tu. Kwa mabenchi si hasara kubwa, kwa sababu jua likiwa chini mno kivuli hukimbia nje ya fremu. Hesabu yenyewe ni hii: saa moja baada ya kuchomoza, kitu chenye urefu wa sentimita 45, ambao ndio urefu wa kawaida wa mahali pa kukalia, hutoa kivuli cha karibu mita 1.8. Baada ya karibu saa mbili, kivuli kinabaki sentimita 90. Baada ya saa tatu na kidogo, kivuli kinalingana na urefu wa kitu. Kwa benchi lenye mbao zilizoachana, wakati bora ni ule wa katikati, karibu saa mbili baada ya jua kuchomoza, yaani kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Mistari ya egemeo inalala chini ikiwa mizima, haijakatwa na ukingo wa picha. Jioni hesabu ni ileile kwa kurudi nyuma: anza saa mbili kabla ya jua kuzama.

Upande wa jua unabadilika kwa msimu, na jambo hili wengi hawalifuatilii. Miji hii iko nyuzi 8 hadi 9 hivi kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini. Desemba na Januari liko kusini. Mjini Mbeya, mlima Loleza uko kaskazini. Ukitaka benchi lenye Loleza nyuma yake, Desemba jua liko mgongoni mwako na mlima unaonekana wazi, kama mawingu ya mvua yatakubali. Picha hiyohiyo Juni unaipiga ukilitazama jua: mlima unafifia kuwa kivuli cha buluu na sehemu ya mbele ya benchi inakuwa nyeusi. Si kosa, lakini ni picha nyingine. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, na kivuli cha benchi kinaanguka chini yake. Hapo usihangaike na picha ya mbele. Tazama kivuli kilicho kati ya miguu ya benchi. Siku hizo mistari ya mbao huonekana pale imenyooka.

Chini ya mti kuna adui mwingine: chengachenga za jua. Mjakaranda wenye majani hutawanya madoa meupe juu ya mbao, na kamera haiwezi kushika doa na kivuli pamoja. Ukilipima doa, benchi linazama gizani. Ukipima kivuli, madoa yanaungua kuwa meupe yasiyo na mbao ndani yake. Dawa ni kusubiri wingu. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, hutasubiri sana. Wakati wa kiangazi rudi asubuhi na mapema kabla jua halijapita juu ya majani, au kubali kupiga vipande vidogo tu vya benchi vilivyo kivulini kabisa.

Kivuli cha mchana usio na mawingu kinamulikwa na anga la buluu, kwa hiyo zege hugeuka buluu na mbao za kahawia hugeuka kijivu. Kwenye kamera, nenda sehemu iliyoandikwa WB uchague alama ya nyumba yenye kivuli. Kwenye simu isiyo na sehemu hiyo, rekebisha baadaye kwa kuongeza joto la rangi kidogo. Chini ya majani mabichi rangi huegemea kijani pia. Ongeza tone la zambarau mpaka zege lionekane kijivu.

Mawingu mazito si sababu ya kubaki nyumbani. Bernd na Hilla Becher, Wajerumani wawili walioanza mwaka 1959 kupiga pamoja picha za minara ya maji, matanuri na majengo ya migodi, walichagua siku za mawingu makusudi ili kusiwe na kivuli kikali na kila jengo lilinganishwe na jingine kwa umbo lake tu. Kama unakusanya mabenchi 20 au 30 ya aina moja, fanya kama wao: piga yote chini ya mawingu. Kuchanganya siku za jua na za mawingu katika mfululizo mmoja kunamfanya mtazamaji aone hali ya hewa badala ya mabenchi.

Urefu wa lenzi na umbali

Kwa picha ya mbele, lenzi iwe usawa wa ukingo wa juu wa egemeo, yaani sentimita 80 hadi 90 kutoka ardhini. Kwa benchi lisilo na egemeo, shuka hadi sentimita 60 au 70, ili sehemu ya kukalia ionekane kama utepe mwembamba. Ukiwa juu zaidi, miguu ya benchi inafupika na benchi zima linaonekana limedidimia.

Njia rahisi ya kushika urefu uleule ni fimbo. Kata mwanzi, ambao Iringa hauna bei kwa anayejua mahali pa kuomba, utie alama kwa kisu kwenye sentimita 65, 85 na 120. Simamisha fimbo, egemeza simu kwenye alama, piga. Fimbo hiyohiyo inapunguza mtikisiko na inapima benchi.

Simu ishikwe wima kabisa, isiinamishwe mbele wala nyuma. Washa mistari ya gridi kwenye mipangilio ya kamera. Ukiinamisha simu, nguzo na mashina ya miti nyuma ya benchi yanaanza kuangukiana, na hata programu ikiyanyoosha baadaye unapoteza kingo za picha.

Umbali unategemea lenzi. Benchi la kawaida la watu watatu lina urefu wa mita 1.8 hivi. Ili lichukue theluthi mbili za upana wa picha, lenzi kuu ya simu, ile ya alama ya 1x, inakutaka usimame mita 2 tu. Karibu hivyo, ncha za benchi hunyooka kupita kiasi na mguu wa karibu unakuwa mnene kuliko wa mbali. Weka 2x na urudi nyuma hadi mita 4, hatua tano au sita za mtu mzima, benchi litarudi kwenye umbo lake. Lenzi pana ya 0.5x iache kwa picha ya mazingira. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa, milimita 50 inakutaka mita 3.75, ukiweka tundu la lenzi kwenye f/8, kila kitu kutoka karibu mita 3 hadi karibu mita 6 kitakuwa wazi, na hiyo inalimeza benchi lote hata ukilipiga kwa mshazari.

Usitumie ile hali ya simu ya kufifisha mandhari ya nyuma. Simu hukisia wapi benchi linaishia, na kwenye nafasi kati ya mbao hukosea: nyasi zinazoonekana katikati ya mbao hubaki wazi ilhali za pembeni zimefifia. Mtazamaji huenda asijue kilichoharibika, lakini ataona picha ya uongo.

Picha sita kwa kila kiti

Ya kwanza ni mbele, moja kwa moja, kitovu cha benchi kikiwa katikati ya fremu. Ya pili ni ubavu, ili mteremko wa egemeo uonekane. Hapa ndipo unapogundua kwamba benchi fulani lina egemeo lililosimama wima na hakuna mgongo unaolivumilia zaidi ya dakika kumi.

Ya tatu ni nyuma, na huachwa na wengi kuliko zote. Nyuma ya egemeo ndiko kwenye jina la mfadhili lililopakwa rangi mara mbili, majina yaliyochongwa kwa msumari, na rangi ya awali kabla halmashauri haijapaka nyingine.

Ya nne ni anachokiona mkaaji. Kaa. Weka simu mbele ya macho, karibu sentimita 120 kutoka ardhini, utumie 1x, na upige mbele moja kwa moja bila kutafuta mandhari nzuri. Kama benchi linatazama ukuta wa choo, piga ukuta wa choo. Piga tena kulia na kushoto kama kuna sababu. Ukiziweka picha hizi za nne pamoja, za mabenchi yote ya bustani moja, utaona mara moja kama aliyeyapanga aliwahi kukaa.

Ya tano ni karibu: kiungo kimoja, na sehemu moja iliyochakaa. Kwenye zege tafuta doa la kutu linaloteremka kutoka kwenye ufa. Maana yake maji yamefika kwenye nondo, nondo imevimba kwa kutu na inapasua zege kutoka ndani. Kwenye mbao za msindano tafuta ubao uliopinda na kichwa cha msumari kilichonyanyuka. Mbao za mkaratusi hupasuka kwa urefu, hasa kwenye ncha. Kwenye bomba la chuma, rangi hutoka kwanza mahali mikono inaposhika wakati wa kuinuka. Chini ya benchi, mbele kidogo, kuna vishimo viwili vya visigino ardhini. Piga navyo, jua likiwa chini ili vipate kivuli. Umbali wa sentimita 25 hadi 30 unatosha kwa simu nyingi. Karibu zaidi ya hapo fokasi hukataa, au simu hujihamishia kwenye lenzi nyingine na picha inapungua ubora.

Ya sita ni mazingira, kutoka mita 10 hadi 15, benchi likiwa dogo ndani ya bustani. Onyesha njia ya kulifikia na kivuli cha karibu kiko wapi.

Swali linalokuja kila mara ni kama usafishe kwanza. Maganda ya miwa, kokwa la parachichi, kifuniko cha soda: viache. Ni ushahidi kwamba kiti kinatumika. Kitu pekee cha kuondoa ni chako mwenyewe, begi na fimbo, ambavyo husahaulika pembeni mwa fremu kwa urahisi wa kushangaza.

Kupima mwanga

Kamera hudhani kila inachokiona ni cha kijivu cha kati. Kiti cheupe cha plastiki au kingo iliyopakwa chokaa huifanya ipunguze mwanga, na cheupe kinatoka kijivu: ongeza kwa alama ya +/- kati ya +0.7 na +1. Benchi la kijani kizito kivulini huifanya iongeze: punguza -0.3 hadi -0.7. Kwenye simu, gusa mbao, shikilia kidole mpaka alama ya kufunga itokee, kisha teremsha au pandisha kwa kidole.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/125 ya sekunde au zaidi ukishika kwa mkono, 1/250 kama kuna watu wanapita na unataka waonekane. Ukitaka wapite kama moshi mbele ya benchi lililotulia, weka kamera kwenye tripodi na utumie 1/8 hadi 1/4. Kando ya barabara kuu malori ya Tunduma hugeuka michirizi mirefu. Zima HDR ya simu kama watu wanasogea, kwa sababu simu huunganisha picha kadhaa na mtu mmoja anaweza kutoka na miguu mitatu.

Usiku, taa nyingi za barabarani hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Shata ya kasi kubwa hukuletea mikanda ya giza na mwanga juu ya picha. Tumia 1/50 au 1/100, au polepole zaidi kwa tripodi. Nenda wawili, mtu anayeinama na kifaa cha thamani haoni aliye nyuma yake.

Ukungu, baridi, vumbi

Ukungu wa asubuhi unapendeza na unadanganya. Fokasi ya kamera hutafuta tofauti ya giza na mwanga, na ndani ya ukungu tofauti hiyo haipo, kwa hiyo lenzi huenda na kurudi bila kutua. Gusa ukingo wa ubao, si katikati ya ubao. Ongeza mwanga +0.7, la sivyo ukungu unatoka wa rangi ya majivu. Futa lenzi kila baada ya picha chache kwa kitambaa laini kikavu, kwa maana matone madogo hayaonekani kwenye kioo cha simu lakini hufifisha picha yote.

Juni na Julai betri hushuka haraka kwa sababu ya baridi. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Hatari kubwa zaidi huja unapomaliza. Ukiingia na kamera baridi kwenye mgahawa wenye moto na mvuke wa chai, lenzi inafunikwa na maji papo hapo, na mengine huingia ndani. Ifunge kamera ndani ya begi, imezungushiwa kitenge, uiache dakika 20 au 30 kabla ya kuifungua.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo huleta vumbi, na mashamba yanayochomwa hutia moshi hewani. Usibadilishe lenzi nje. Moshi huo hufanya jua la jioni kuwa jekundu, nayo mandhari ya mbali hupotea, kwa hiyo picha ya nne ya mkaaji ipigwe asubuhi. Mijakaranda huchanua msimu huohuo. Maua ya zambarau juu ya zege hupendeza siku ya kwanza, ila kufikia benchi la tano utajikuta unapiga maua.

Baada ya mvua, mbao zilizolowa hung'aa na kuficha rangi. Kichujio cha polaraiza kinaondoa mng'ao kwa kukizungusha polepole huku ukitazama, lakini kinakula kati ya stopu 1 na 2 za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Bila kichujio, hama upande: mng'ao hubadilika kwa hatua mbili tatu tu.

Watu waliokaa

Benchi lenye mtu lina mwenyewe kwa muda huo. Anza na salamu kabla simu haijatoka mfukoni. Iringa, "kamwene" kwa wakubwa hufungua mazungumzo haraka kuliko maelezo yoyote. Mbeya, "shikamoo" inatosha, na anayejua "ugonile" aitumie kwa Wanyakyusa. Kisha sema wazi: "Shikamoo baba. Napiga picha za mabenchi ya hapa mjini. Naomba nipige na hili. Ukipenda uwemo ni sawa, na usipopenda nasubiri." Ukisema utasubiri, subiri kweli, na usisubiri umesimama mbele yake.

Usimpige aliyelala. Usipige wapenzi kwa kujificha. Wamekaa bustanini kwa sababu hapana pengine pa kukaa. Watoto na wanafunzi waliovaa sare hawapigwi bila mzazi au mwalimu kukubali. Mabenchi ya hospitali yaache kabisa, maana anayesubiri pale hayuko katika hali ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ni sababu nyingine ya kuwa na ridhaa ya mtu kabla hujaweka sura yake mtandaoni. Anayetaka kuonyesha kwamba kiti kinatumika bila kuonyesha mtu ana njia nyingi: kofia iliyosahaulika, gazeti, magoti mawili na kikombe cha kahawa.

Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo yanayolindwa usiyaingize kwenye fremu, hata kama ngazi zao ndizo zenye wakaaji wengi. Ukipanga kurudi siku nyingi na tripodi, pitia ofisi ya mtendaji wa kata uombe barua. Mgambo akikukuta, karatasi yenye muhuri hufupisha mazungumzo.

Vipimo na kuhifadhi

Kwenye daftari, kwa kila kiti, andika tarehe na saa, kiti kinatazama upande gani wa dira, kimetengenezwa kwa nini, kina egemeo au hakina, urefu wa mahali pa kukalia kutoka ardhini, urefu wa benchi, na kama lina kivuli saa saba mchana. Pima urefu wa kukalia katikati ya benchi na kwenye ncha zote mbili. Ardhi yenye mteremko huwapa wakaaji wa benchi moja urefu tofauti. Chini ya sentimita 40 wazee hupata taabu kuinuka, zaidi ya 50 miguu ya wengi inaning'inia.

Majina ya faili yaanze na mji, mtaa, namba na upande: IRI-MIYOMBONI-004-mbele, MBY-UHINDINI-011-nyuma. Fanya jioni ileile. Ukiacha wiki mbili, mabenchi matano ya zege yaliyomwagwa kwenye fomu moja hayatajulikana lipi ni lipi.

Katika uhariri fanya machache: nyoosha wima, kata kwa uwiano uleule kwa picha zote, rekebisha rangi mpaka zege liwe kijivu. Snapseed inafanya yote hayo kwenye simu. Usiongeze wekundu wa udongo. Udongo wa huku una wekundu wa kutosha.

Mkitumiana picha kwa WhatsApp, zitume kama hati, si kama picha, kwa sababu njia ya kawaida huzipunguza na zile herufi zilizochongwa nyuma ya egemeo hazitasomeka tena. Na kama umeandika dira na egemeo vizuri, ramani ya OpenStreetMap inapokea benchi mojamoja kama nukta pamoja na taarifa hizo. Sogeza nukta kwa mkono kabla ya kuhifadhi, kwa maana chini ya miti simu inaweza kukosea mahali kwa mita kadhaa, na benchi likatokea katikati ya barabara.